Tao ya Juu, Tao ya Chini

Mama yangu havuki Moi Avenue akiwa na malapa. Akiwa upande wa River Road atashinda nayo kutwa nzima, hata kama kamba moja imeshonwa kwa uzi wa cherehani, na hajali nani anamtazama. Lakini akiitwa benki upande wa Kenyatta Avenue, lazima aingie nyuma ya meza yake, atoe viatu vya ngozi vilivyofungwa kwenye gazeti, avivae, ajipanguse vumbi la vitambaa mapajani, ndipo avuke. Nilipokuwa darasa la nne nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo.

"Huko ni tao ya watu," akasema.

"Na hapa?"

"Hapa ni kazi."

Sisi wa Nairobi tunaujua huo mstari bila kufundishwa. Hakuna kibao, hakuna geti, hakuna askari wa kukuuliza unaenda wapi. Lakini mwambie mtu mkutane "tao ya juu" atajua umaanisha mahoteli, mabenki, ofisi za mawakili, vioo virefu na mikahawa ambapo chai haiji na mandazi. Mwambie "tao ya chini" atashika simu yake vizuri na mfuko wake pia. Huko ndiko kwenye spea za magari Kirinyaga Road, mabasi ya kwenda bara Accra Road, vitambaa, redio, simu, dawa za panya, wahubiri wenye vipaza sauti, na ngazi nyembamba zinazopanda hadi ghorofa ambazo hujui mwisho wake. Na kwa kweli ni chini, kwa maana ya ardhi yenyewe. Ukitoka Moi Avenue kwenda River Road unateremka kuelekea mtoni. Mvua ikinyesha tao ya juu, maji yake tunayapokea sisi.

Mwaka jana mwenye jengo ambamo mama amekuwa akiuza vitambaa tangu 1987 aliwapa wapangaji notisi. Duka hilo moja lilikuwa limekatwa vipande kumi na viwili kwa mbao, kila kipande na mwenyewe, kila mwenyewe na meza, mita na kufuli yake. Notisi ilikuwa ya nusu ukurasa. Ilisema jengo litabomolewa kwa sababu eneo "linaendelezwa kulingana na mpango wa jiji". Mama alinipa ile karatasi niisome kana kwamba mimi, kwa kuwa nilisoma chuo, ningeijua siri yake. "Huo mpango uko wapi?" akaniuliza. "Nani ameuona?"

Sikuwa na jibu, kwa hivyo nikaenda kuutafuta. Niligundua haraka kwamba mpango si mmoja. Nairobi imepangwa na kupangwa tena, na ukitaka kuelewa notisi ya nusu ukurasa ya mama yangu inabidi urudi nyuma kabisa, hadi maili ya 327.

Hapo ndipo reli ilipofika mwezi wa Mei mwaka 1899, ikihesabiwa kutoka Mombasa. Wamaasai walipaita mahali pa maji baridi, na maji yalikuwepo kweli, mengi mno, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa bwawa. Wahandisi wa reli walipapenda kwa sababu moja tu: palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya mlima wa kupanda kwenda Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Walihitaji mahali pa kuweka karakana, mabehewa na vyuma. Hawakuwa wanatafuta mahali pa mji. Hata hivyo, ramani ya kwanza ilichorwa na watu wa reli kwa mahitaji ya reli: stesheni, karakana, nyumba za maofisa Wazungu kilimani penye udongo mwekundu na hewa safi, nyumba za wafanyakazi Wahindi karibu na njia, na soko. Mwafrika hakupangiwa pa kulala. Alitarajiwa aje afanye kazi kisha apotee jioni, kama kivuli.

Barabara iliyotoka stesheni kwenda juu iliitwa Station Road, baadaye Government Road. Leo ndiyo Moi Avenue. Kwa hivyo mstari wa mama yangu ni wa zamani kuliko karibu kila jengo lililosimama kandokando yake. Ulianza kama njia ya kutoka kwenye treni kwenda kwa wakubwa, na kila kilichokuja baadaye kilichagua upande.

Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa wakati huo wakaamua kulitia moto lote. Hebu fikiria. Watu wamevuka bahari, wamejenga maduka ya mabati na mbao, wameleta mchele na mafuta na nguo, halafu dawa ya ugonjwa ikawa kibiriti. Soko lilijengwa upya, tauni nayo ikarudi miaka iliyofuata. Wapo waliosema mji uhamishwe ukatafutiwe mahali pengine penye mtiririko mzuri wa maji. Churchill alipopita hapa mwaka 1907 alikuta mjadala umeshachoka. Aliandika kwamba sasa muda wa kubadilisha umepita, na kwamba kutoona mbali huacha alama ya kudumu kwenye uso wa nchi changa. Simnukuu kwa sababu ya mapenzi, lakini hapo hakukosea.

Mwaka 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya umma, aje aseme tufanye nini. Akapendekeza kila mji wa nchi hii uwe na maeneo tofauti ya Wazungu, Waasia na Waafrika, na kati ya makazi ya Wazungu na ya hao wengine pawe na ardhi tupu, isiyojengwa, yenye upana usiopungua yadi 300. Mbu, kwa hesabu zake, na panya, walikuwa na rangi ya ngozi. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitamka kwamba ubaguzi wa kisheria wa makazi mijini uachwe, lakini hati za ardhi ziliendelea kubeba vifungu vya nani auziwe na nani asiuziwe, na bei ikafanya kazi iliyobaki. Mwafrika naye alikuwa na kipande shingoni tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Huyo hakuhitaji kifungu cha hati kuambiwa aende wapi.

Hapo ndipo kinapoingia kile kitabu nilichokitafuta hasa. Kilichapishwa London mwaka 1948 kwa ajili ya baraza la manispaa ya Nairobi, na waandishi wake ni watatu waliotoka Afrika Kusini: L. W. Thornton White, profesa wa usanifu majengo Cape Town, L. Silberman, mwanasosholojia, na P. R. Anderson, mpangaji miji. Kichwa chake hakifichi kitu. Kinaiita Nairobi makao makuu ya koloni na kusema wazi kwamba huu ndio mpango wake mkuu. Nilikisoma siku tatu mfululizo katika chumba cha maktaba kilichokuwa na feni moja na mzee mmoja aliyekuwa akisinzia juu ya magazeti ya zamani. Sikupewa ruhusa ya kutoa nakala, ila niliruhusiwa kupiga picha za ramani kwa simu.

Nitasema ukweli: ni kitabu kizuri. Nilikifungua nikiwa na hasira na nikajikuta nimekaa kitako. Waandishi wake walikuwa watu waliosoma, waliojali kivuli cha miti na upana wa barabara na mtoto avuke wapi akienda shule. Walitaka kuitoa Nairobi kwenye mabati na kuifanya mji wenye sura. Moyo wa ndoto yao walikiita Kituo cha Kenya: eneo la majengo ya serikali magharibi ya mji wa biashara, chini ya Kilima, mahali ambapo bunge, mahakama, ukumbi wa jiji na ofisi kuu zingekaa pamoja zikitazamana kwa heshima. Si kila kitu kilijengwa walivyochora, lakini ukisimama leo karibu na mnara wa saa wa Bunge, utazame City Hall, mahakama na KICC, umesimama ndani ya wazo lao. Bunge lilifunguliwa miaka ya 1950. KICC ilikamilika 1973, ikiwa na ghorofa 28, ikachorwa na Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, nchi ikiwa huru tayari. Bendera ilibadilika. Mahali pa ukubwa palibaki palepale.

Kuhusu rangi, wale watatu walikuwa na jibu la ujanja. Walisema mpango unaweza kutoegemea upande wowote katika suala la ubaguzi ikiwa utajishughulisha na misingi ya upangaji tu, ile inayopimwa kwa mahitaji ya binadamu na ya kiufundi. Nilisoma sentensi hiyo mara tano. Mwaka wenyewe ni 1948, mwaka ule ule ambao chama kilicholeta apathaidi kilishinda uchaguzi Afrika Kusini walikotoka. Siwashtaki kwa kura za watu wengine. Lakini kuja katika mji ambamo watu tayari wamegawanywa kwa nguvu, ukachora mistari ukisema huna upande, maana yake ni kuikaza mistari iliyopo kwa kalamu bora zaidi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wazo lao kubwa la makazi lilikuwa kitongoji kinachojitosheleza: nyumba, shule, maduka, uwanja, ukumbi, vyote ndani ya umbali wa kutembea, barabara kubwa zikipita pembeni. Wazo hilo lilitoka Marekani na Uingereza, na si baya. Huku kwetu lilifaa zaidi upande mmoja, Eastlands, kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Kaloleni, iliyokuwa ikijengwa wakati huo huo, ilikuwa na njia za duara, nyasi katikati, na ukumbi ambao baadaye wanasiasa wetu waliutumia kuhutubia hadi watu wakauita bunge. Ukienda leo utaona bado kuna uungwana fulani katika mpangilio wake, hata kama paa zimezeeka. Lakini mtaa wenye milango michache ya kuingilia ni rahisi kuupenda na ni rahisi pia kuufunga. Tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipoanza, wanajeshi walizingira mji na mitaa ya Waafrika, wakawatoa watu nyumba kwa nyumba, maelfu wakapelekwa kizuizini. Sisemi Thornton White alichora kwa ajili ya siku hiyo. Nasema siku hiyo ilipofika, ramani haikuwazuia.

Kabla ya hapo palikuwa na Pangani. Napenda kuitaja kwa sababu ni mtaa ambao haukuchorwa na mtu yeyote. Kijiji cha Waafrika wa mwanzo wa mji, wengi wao Waislamu, wazungumzaji wa Kiswahili, wenye nyumba za udongo walizojenga wenyewe na vyumba walivyopangisha wenyewe. Jina lenyewe ni la pwani. Mwaka 1939 kikabomolewa na watu wakahamishiwa Shauri Moyo, na watu waliokuwa wenye nyumba wakageuka wapangaji wa manispaa. Miongo minane baadaye, mwaka 2020, nyumba za kaunti za Pangani ya sasa nazo zikapisha mradi wa maghorofa. Mji huu una tabia ya kurudi kwenye jeraha lile lile.

Jambo ambalo kitabu cha 1948 hakikulijua ni sisi. Hesabu ya watu ya mwaka huo iliipa Nairobi watu 118,976, zaidi ya nusu Waafrika. Mpango ulikusudiwa kuongoza mji kwa robo karne. Hesabu ya 1969 ilileta watu 509,286, ingawa kwa haki lazima nikumbushe kwamba mwaka 1963 mipaka ya jiji ilisukumwa mbali sana. Watu hao hawakuja kukaa kwenye Kituo cha Kenya. Waliposhuka basi, walishukia chini. River Road ndiyo iliyowapokea. Ndipo penye hoteli za kulala usiku mmoja, mafundi cherehani wa barazani, duka la Mhindi lililokuwa tayari kukukopesha bati, mtu wa kwenu anayejua kazi iko wapi. Baba yangu alipofika kutoka Murang'a usiku wa kwanza alilala kwenye ngazi za jengo moja huko. Alikuwa akitusimulia akicheka, kama mtu anayetaja hoteli ya kifahari.

Tao ya juu ilirithiwa, tao ya chini ilinunuliwa polepole. Waasia wengi walipoanza kuuza maduka baada ya uhuru, wafanyabiashara Waafrika walianzia huko, kwa sababu viwanja vilikuwa vidogo na kodi ilivumilika. Majina ya barabara yalibadilishwa: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikaja kuwa Tom Mboya Street, Grogan Road ikawa Kirinyaga Road. Ukiangalia kwa makini, mashujaa waligawanywa pia. Kenyatta na Kimathi wako juu. Mboya, aliyepigwa risasi Government Road tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa, alipewa barabara ya kwanza ya tao ya chini, hatua chache tu kutoka alipoanguka. Sanamu yake iliyosimamishwa 2011 iko karibu na hapo, kwenye huo huo mstari, na watu hupatana chini yake kama zamani walivyopatana Hilton. Hilton yenyewe ilifungwa mwisho wa 2022, lakini bado utasikia mtu akisema, "Niko hapa Hilton," akiwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa.

Mpango wa pili ulikuja 1973. Kikundi cha wataalamu wa jiji kilitoa mkakati wa ukuaji wa Nairobi hadi mwaka 2000, na shabaha yake ilikuwa ya busara: mji umelemewa katikati, basi tujenge vitovu vingine pembeni, watu wapate kazi na huduma karibu na wanakoishi, wasilazimike wote kuja tao. Sehemu kubwa ya mkakati huo ilibaki kwenye karatasi. Ila mwaka huo huo 1973 Rais Kenyatta alitoa tamko kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji. Mpaka hapo zilikuwa zikikimbizwa na polisi na kulalamikiwa na kampuni ya mabasi. Tamko hilo, la sentensi chache, lilipanga Nairobi kuliko kurasa zote za wataalamu.

Ndiyo maana, kusema kweli, mimi huwa nacheka nikisikia mtu akilaumu matatu kwa kujaza tao ya chini. Barabara zetu zote kuu zilichorwa zielekee katikati, tangu siku za stesheni. Ukitoka Kangemi kwenda Kasarani, kwa mathree ya kawaida, unaingia tao, unashuka, unatembea katikati ya watu, unapanda nyingine. Hutaki chochote tao. Huna shughuli hapo. Lakini lazima upite, na ukipita unaona soksi tatu kwa mia, unanunua. Mchuuzi hakuja kukaa njiani kwa sababu hana adabu. Alikuja kwa sababu mpango wa mji umempitishia watu laki kadhaa mbele ya miguu yake kila jioni. Tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Watu walitembea kwa miguu kutoka Ngara, kutoka Muthurwa, wazee, wajawazito, wanafunzi na mabegi. Kesho yake amri ikasimamishwa. Mama ananiambia siku hiyo hakuuza hata mita moja ya kitambaa. Wateja walifika wamechoka sana kutazama rangi.

Mkakati wa 1973 ulipofika mwisho wake mwaka 2000 hakuna uliochukua nafasi yake. Miaka 14 jiji likaenda bila mpango mkuu mpya, na ni katika miaka hiyo ndipo maduka ya tao ya chini yalipokatwa vipande vipande, duka moja likawa kumi, ghorofa za makazi zikawa vibanda, baraza likawa soko. Vitu vikubwa vilitetewa na watu, si na ramani. Wangari Maathai alisimama mwaka 1989 kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, akatukanwa bungeni, na bustani ikabaki. Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliutoa kwa mji mwaka 1906, nayo ilinusurika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kelele za wananchi. Bustani zote mbili, niseme kidogo, ziko upande wa juu. Upande wetu hatuna bustani ya kutetea. Ukitaka kukaa chini River Road, unakaa juu ya mzigo wako.

Mpango wa sasa ni wa 2014, uliotengenezwa kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, nao unakwenda hadi 2030. Nimeusoma pia. Unazungumza lugha nyingine kabisa na ule wa 1948: ushirikishwaji, maeneo mchanganyiko, vitovu vidogo vya kupunguzia katikati mzigo, barabara za kuunganisha mitaa bila kupitia tao. Ukiwa mwaminifu utaona wazo la 1973 limerudi likiwa limevaa suti mpya. Na ndani yake kuna ile ndoto ya Railway City, kuijenga upya ardhi ya reli kusini ya mji, zaidi ya ekari 400, iwe stesheni kuu mpya, ofisi, nyumba na maduka. Rais William Ruto aliizindua Desemba 2022 akiwa na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Cleverly. Nilipoona picha za uzinduzi nilifikiria maili ya 327. Miaka zaidi ya mia moja na ishirini imepita, na bado moyo wa mpango wa Nairobi ni stesheni, na Mwingereza amesimama hapo.

Sitaki kueleweka vibaya. Ardhi ile ya reli imekaa vibaya kwa muda mrefu, na mji unaokaribia watu milioni 4.4, kama hesabu ya 2019 ilivyosema, hauwezi kuendelea kujibana kati ya Moi Avenue na mto. Kujengwa kujengwe. Lakini ardhi ikipanda bei kwa jirani, jirani naye huona ndoto. Ndipo notisi za nusu ukurasa zinapoandikwa. Nilipekua kila mahali nilipoweza nikitafuta mstari unaosema jengo la mama lazima libomolewe, na sikuuona. Mpango mkuu haufiki kwenye jengo moja moja. Unapaka kanda rangi, unasema hapa biashara, hapa mchanganyiko, hapa ongeza urefu. Mwenye jengo ndiye anayeisoma rangi hiyo na kuigeuza kuwa amri. Neno "mpango" kwenye karatasi yake lilikuwa kama muhuri uliokopwa.

Nilimpelekea mama habari hizi Jumamosi moja mchana, biashara ikiwa baridi. Nilimwonyesha kwanza ramani za 1948 kwenye simu. Alivaa miwani, akachukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili kama anayechagua kitambaa cha sare. Nikamwonyesha Government Road, stesheni, mto. Akafuata mto kwa kidole, polepole, mpaka alipofikiri ndipo tulipoketi.

"Mimi niko hapa?"

"Karibu na hapo."

Akatazama kwa muda. Nilidhani atasema jambo kuhusu wakoloni, au kuhusu mwenye jengo, au kuhusu Mungu, kwa kuwa ndio watu watatu anaopenda kuwalaumu na kuwashukuru kwa zamu. Akauliza, "Na choo waliweka wapi?"

Nikavuta picha. Sikuona choo. Nikafungua mpango wa 2014, nikatafuta, nikakuta vyoo vimetajwa kwa jumla, kama huduma za jamii. Akanirudishia simu. Miaka thelathini na kitu amekuwa akilipa kumi, baadaye ishirini, kwenda choo cha ghorofa ya pili cha jengo la jirani, na siku ambazo mwenye ufunguo hayupo anavaa viatu vya ngozi na kuvuka Moi Avenue kwenda kujifanya mteja kwenye mkahawa. Hilo sikulijua. Siku zote nilidhani ni benki.

Wapangaji kumi na wawili sasa wamechanga pesa za wakili. Mwenye jengo ameongeza muda wa miezi mitatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasimama mbele ya meza akashika kitenge cha rangi ya chungwa, akauliza ni bei gani mita, na mama akaweka miwani juu ya kichwa, akasema mia tatu na hamsini, kwako wewe mia tatu.